Masikio ya Paka wa Majengo

Nimestaafu, na kabla hamjaanza kusema ati mzee alichoka na paka, wacha niandike ukweli kwa mkono wangu. Paka hawajawahi kunichosha. Walionichosha ni watu: wa Nyeri, wa Karatina, wa Murang'a, wa Nanyuki, waliosoma na wasiosoma, wanaoenda kanisani na wasioenda. Mtu anafunga watoto wa paka ndani ya gunia, anaendesha gari safi mpaka langoni kwetu, anawatupa juu ya ukuta, halafu anarudi nyumbani kula chapati. Nimefanya kazi hii mpaka nikaota mvi puani, na bado sijamwelewa mtu huyo. Sitaki hata kumwelewa.

Nawaandikia nyinyi mliobaki kituoni. Habari za vyeo msingoje, na mshahara mnaujua, ni ule ule wenu. Nitawaambia kazi ilivyokuwa, halafu nitawaambia yaliyotokea Majengo, pale Nyeri mjini, kwa sababu nasikia mnasimuliana vibaya.

Kabla ya paka nilikuwa mtu wa josho. Nilisukuma ng'ombe waingie kwenye dawa ya kupe, nikawahesabia wenyewe wakitoka. Josho lilipofungwa nikasikia kuna kituo cha kuokoa wanyama kwenye barabara ya Kiganjo, wanatafuta mtu mwenye nguvu. Nikajua ni kazi ya mbwa wakubwa. Nikaenda kifua mbele. Siku ya kwanza nikapewa taulo.

"Hii ni ya nini?" nikauliza.

"Ya kazi," akasema Wangechi.

Wangechi ndiye alikuwa mkubwa wa upande wa paka, na ndiye aliyenifundisha. Mwanamke mfupi, mkali, wa kuvaa gamubuti hata kiangazi. Akanionyesha gunia lililoachwa langoni usiku, linatikisika. Mimi, mtu wa ng'ombe, nikafungua mdomo wa gunia nikaingiza mkono. Nyinyi mnajua kilichofuata. Paka alinishika kidole gumba akakisaga kama mahindi, na Wangechi akasimama pale ananitazama bila huruma hata ya shilingi kumi.

"Ukimaliza kulia," akasema, "nitakuonyesha taulo inatumikaje."

Taulo inatupwa juu ya paka mzima mzima, kichwa na macho, kisha unambeba kama mtoto aliyetoka kuoga. Mtego wa sanduku nao unafunikwa mara tu mlango ukishuka, maana paka akiona giza anatulia. Chambo ni omena waliokaangwa, wanukie. Msidanganywe na mtu kuhusu maziwa. Maziwa ni mambo ya picha za ukutani. Glavu tulitumia za fundi wa kuchomelea vyuma, kwa sababu zile za kitabibu paka anazipasua huku anafikiria mambo mengine. Hayo yote ni Wangechi. Alipoondoka kwenda kulea wajukuu huko Murang'a, aliniachia glavu zake, na zilikuwa ndogo, na sikuzivaa kamwe, lakini ole wake ambaye angezigusa.

Kitu kingine alichonifundisha ni kumhoji anayekuja kuchukua paka. Hapa kwetu mtu hasemi anataka paka. Anasema anataka "kitu ya panya". Wangechi alikuwa anauliza swali moja tu: "Utamlisha nini?" Na hapo ndipo moto ulipokuwa unawaka, kwa sababu nusu ya watu wa mlima huu wanaamini kwamba paka akilishwa hashiki panya. Mzee mzima, ana shamba la kahawa, ana watoto chuo kikuu, anakwambia hivyo bila aibu.

Kuna mwenye kinu cha kusaga unga, upande wa Murang'a, aliyechukua kwetu paka dume, mwekundu, mnene. Akatuapia kwamba atamlisha. Baada ya miezi kadhaa nikapita huko nikiwa na shughuli zangu. Nikamkuta paka amefungwa na kamba ya katani kwenye mguu wa mashine, mbavu nje, unga umemganda usoni, na mashine inanguruma juu ya kichwa chake kutwa nzima. Ngai! Damu ilinipanda mpaka machoni.

"Huyu ndiye uliyesema utamlisha?"

"Sasa mzee, nikimpea chakula atashika panya ya nini?"

"Na wewe bibi akikupikia uji asubuhi, huji kazini?"

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Nikakata kamba mbele yake kwa panga lake mwenyewe, nikamfunga paka ndani ya koti langu, nikaondoka naye. Alinifuata mpaka barabarani akipiga kelele kwamba mimi ni mwizi wa mifugo. Na kumbe ile siku alikuwa amesema neno ambalo lingenisumbua miaka iliyobaki yote: mifugo.

Sasa tufike kwenye masikio. Mnawajua paka wenye sikio la kushoto lililokatwa ncha. Hiyo kazi ilikuja na Daktari Muthoni, daktari wetu wa mifugo, alipoingia kituoni akiwa bado msichana. Ndiye aliyetuambia kwamba kuwakusanya paka wa mitaani na kuwatafutia nyumba hakutoshi, kwa sababu nyumba hazitoshi. Tuwatege, tuwafunge uzazi, tuwarudishe pale pale wanapokaa, wasizae tena. Na wakiwa wamelala kwa dawa, akate ncha ya sikio la kushoto, padogo tu, ili siku nyingine tukimwona kwa mbali tujue huyu tayari, tusimtege bure. Paka hasikii maumivu, na jeraha linapona upesi. Nilipenda kazi hiyo kuliko zote. Ilikuwa safi, na ilikuwa na akili.

Ila tulisahau tuko wapi. Hawa ni watu wa mbuzi na kondoo. Toka enzi za babu zao, sikio la mnyama likikatwa, maana yake ni moja: huyu ana mwenyewe. Kila nyumba ilikuwa na mkato wake. Sasa wakaanza kuona paka wana mkato, wote wa aina moja, sikio moja. Hawakuuliza maana yake. Wakaulizia tu ni nani anakata, wakaambiwa ni kile kituo cha Kiganjo. Basi. Tukawa matajiri wa paka.

Loo, nilitukanwa! Paka akiiba nyama Karatina, ninapigiwa simu: "Baba Nyau, paka yako imekula nyama yangu." Nyau ndiyo paka kwa Kikuyu, na hilo ndilo jina nililopewa na mji mzima, na sikuliomba. Wakanitumia picha za masikio kwa WhatsApp, sikio tu, bila hata salamu. Mzee mmoja wa hapo karibu na Kiganjo alikuja kwa miguu na paka ndani ya gunia, akanidai vifaranga. Nikamweleza pole pole kwamba alama si ya kumiliki, ni ya kuonyesha paka amefungwa uzazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, halafu akasema, "Nimeelewa. Sasa vifaranga vyangu?"

Tukaeleza makanisani, tukaeleza shuleni, tukaeleza barazani kwa chifu. Ni kama kumwagia maji bata. Na kilichoniuma zaidi ni hiki: walikuwa wanajua vizuri sana maana ya mwenyewe paka alipoharibu. Paka huyo huyo akigongwa na gari, au akipigwa mawe na watoto, hakuna aliyepiga simu. Hapo alikuwa hana mwenyewe.

Ndipo yakaja ya Majengo.

Kuna kijisoko cha nafaka na nyama pale, si mbali na msikiti. Sitakitaja jina, wenyewe wanajijua. Paka walikuwa wengi, kweli, maana penye mahindi pana panya, na penye bucha pana paka. Karibu nusu tulikuwa tumeshawafunga uzazi. Rafiki yetu pale alikuwa Bi Halima, muuza nafaka, mama mtu mzima aliyezaliwa Majengo na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinanifanya nione aibu na changu. Yeye alilisha paka kila asubuhi kabla hajafungua duka, na panya dukani kwake hukuwaona. Paka wake hasa aliitwa Madoa, jike mweupe mwenye mabaka meusi. Madoa alikuwa amezalia juu ya magunia ya njahi, yale maharagwe meusi ya mlimani, akanyonyesha hapo, na Bi Halima alikuwa amekataa kuuza hata kilo moja ya njahi hizo mpaka watoto watembee. Hatukuwa tumemfunga uzazi, kwa sababu mama anayenyonyesha hakatwi. Unangoja watoto waache ziwa. Hiyo ni kanuni, na nyinyi msije mkaivunja.

Siku hiyo Bi Halima akanipigia simu, sauti chini. Kamati ya soko imekaa. Wakubwa watakuja kukagua soko, na mwenyekiti ameamua paka watolewe. Wameshatafuta vijana wa kuwakusanya kwa magunia. Wapelekwe wapi? Hakuna aliyeuliza. Chini huko kuna mto.

Nilifika kwa mwenyekiti bila kupumua. Mtu wa makamo, muuza viatu, si mtu mbaya ukimkuta kwa mazishi. Akanikaribisha stuli.

"Mzee, hii paka zimekuwa mingi," akasema. "Watu wanakuja kuangalia usafi. Tutawaambia nini?"

"Mwambie kila mwenye bucha aweke wavu kwa dirisha! Na panya je? Mkitoa paka leo, mwezi ujao panya watakuwa wanaendesha mkutano wa kamati."

"Panya tutaweka dawa."

Jameni. Nilisema mengi hapo, mengine siwezi kuyaandika. Nikaona hayaingii. Nikatafuta kinachoingia. Na kilichonijia, kwa hasira, ni lile neno lao wenyewe.

"Sawa," nikasema. "Wale wenye alama kwa sikio, ni wa nani?"

"Si ni wako," akasema mara moja. "Kila mtu anajua."

"Basi ni mali yangu. Atakayemgusa paka mwenye alama ameiba mfugo wangu, na tutaenda na yeye kwa chifu, na kwa polisi, na kanisani kwake Jumapili nitasimama niseme."

Akafikiria. Hilo lilimwingia vizuri kama maji kwenye mchanga. "Hizo zitabaki," akasema. "Hatuwezi shika mali ya mtu. Tutatoa tu zile hazina mwenyewe." Akanipa mkono, na akaonekana kuridhika kabisa kwamba amekuwa mtu wa haki.

Nikatoka pale. Huyu mwenye ncha ya sikio aishi, na huyu ndugu yake wa tumbo moja, kwa kuwa hatujamfikia, aende mtoni. Na mtu anakupa mkono juu ya jambo kama hilo! Nikapita kwa Bi Halima nikamweleza. Alimtazama Madoa amelala juu ya njahi, watoto wamejipanga tumboni, wananyonya.

"Tutajitahidi kuwamaliza waliobaki," nikamwambia.

"Na huyu?"

"Huyu ananyonyesha. Nitamchukua yeye na watoto, nimweke kituoni."

"Kituo chenu kimejaa, Baba Nyau. Wewe mwenyewe uliniambia juzi. Na wale wengine wa hawa akina mama?" Akanionyesha kwa kidevu, wauzaji safu nzima. Kila mmoja alikuwa na paka wake pale chini ya meza, na hakuna aliyewahi kusema hadharani kuwa ni wake.

Tulitega usiku na mchana. Daktari Muthoni alipasua mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Lakini mikono ni miwili, na paka aliyeona mwenzake ameingia mtegoni haingii tena, hata umpe omena wa ziwa zima. Asubuhi ya siku ile ya magunia wengi walikuwa bado. Nilikwenda na mitego yote na pikapu ya kituo, nikiwa nimeamua kwamba nitalala mbele ya hao vijana kama itabidi.

Nikawakuta vijana wameketi ukutani na magunia yao matupu. Mwenyekiti amesimama katikati ya soko, mikono kiunoni.

"Mzee," akaniita, "kumbe zote ni zako?"

Sikuelewa. Nikatazama. Juu ya ukuta kulikuwa na dume mkubwa mweusi niliyekuwa nikimfukuzia mtego muda mrefu bila kumpata. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatwa ncha. Chini ya meza ya nyanya, mwingine, sikio limekatwa. Kwenye bucha, mwingine. Mmoja alikuwa amekatwa la kulia. Mwingine alikuwa amekatwa mshazari, mkato wa mkasi butu, na damu ilikuwa bado mbichi shingoni.

Nikapiga kelele. Nikasahau mwenyekiti, nikasahau vijana. "Nani amefanya huu ukatili? Nani?" Hakuna aliyeinua kichwa. Mama wa viazi alipanga viazi. Fundi cherehani alipinda pindo la suruali. Hata mwenye bucha, yule aliyekuwa ananitusi kwa simu kila wiki, alikuwa anafuta mizani ambayo haikuwa na kitu. Na mikono yao, wote, ilikuwa imepasuliwa na kucha.

Nikaingia kwa Bi Halima. Alikuwa ameketi chini, Madoa mapajani amefungwa leso pamoja na watoto wake, sikio moja nje. Mkono wake ulikuwa umechanwa mpaka kiwiko.

"Nimekata mimi," akasema.

Nikamfokea. Nilimfokea mwanamke ambaye ni kama dada yangu, mbele ya soko zima. Nikamwambia habari za maumivu, za dawa ya usingizi, za wadudu walioko kwenye mkasi wa fundi. Nikamwambia kwamba sasa alama imekufa, hatutajua tena nani amefungwa uzazi na nani bado, kazi ya miaka imeharibika kwa asubuhi moja. Nilisema mpaka sauti ikakauka.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikaketi juu ya gunia.

"Ulikwenda kwa mwenyekiti ukasema mwenye alama asiguswe. Sote tulisikia. Kuhusu asiye na alama hukupata la kusema. Sikulaumu, maana hapakuwa na la kusema. Basi sisi tulifanya nini hapa, Baba Nyau, kama si kufuata maneno yako?"

Aliposema hivyo, Madoa alikuwa ananyonyesha humo humo ndani ya leso. Nilisikia watoto wakivuta.

Nyuma yangu mwenyekiti alikuwa amefika mlangoni na vijana wake, na nyuma yao soko zima. Yeye si mjinga. Aliona damu kama nilivyoiona.

"Mzee Ndirangu," akasema, na akaniita jina langu la haki kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mtu mzima na unaheshimika. Niambie mbele ya hawa watu. Hizi paka ni zako kweli?"

Mnanijua. Mnajua nimepoteza sauti yangu miaka mingapi kueleza kwamba alama si ya kumiliki. Nimeeleza mpaka nikaota usiku naeleza. Na hapo, kila mtu kwenye lile soko alikuwa ananingoja niseme kinyume chake.

"Ni wangu," nikasema.

"Hata hii?" Akamnyooshea kidole Madoa, na tone la damu lilikuwa limetoka tu kudondoka kwenye leso.

"Hata huyo. Na watoto wake. Wote ni wangu."

Akawaambia vijana wakunje magunia.

Siku nzima nilipita meza kwa meza na maji ya chumvi na pamba, nikisafisha masikio, na nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nimewahi kuwa nayo, wala sikujua nimkasirikie nani. Kila mama alinishikia paka wake bila kuniangalia usoni. Bi Halima alinipikia chai, nikainywa. Daktari Muthoni alipouliza jioni ni wepi wamefungwa uzazi na ni wepi bado, nikamwambia sijui, tuanze upya. Akakaa chini akalia kidogo, kisha akasimama akaanza kupanga mitego.

Kwa hiyo mkienda Majengo, sikio la paka halitawaambia chochote. Mlazeni kwa dawa, mnyoeni tumbo, mtafute kovu la Daktari. Ni kazi ya ziada na itawaudhi, kama ilivyoniudhi mimi mpaka siku niliyorudisha funguo. Na ikiwa mtu yeyote pale atawauliza paka huyu ni wa nani, msianze kumweleza habari za alama. Mwambieni ni wenu.